Jinsi ya Kumtambua Kipanga wa Msituni: Mwongozo Kamili kwa Moshi na Arusha

Mwaka wangu wa pili wa kuongoza wageni niliaibika pale Ziwa Duluti mbele ya watu watatu. Ndege alipita kati ya miti kama jiwe la manati, akatua. Nikaona mgongo wa kijivu na madoa meupe mkiani, nikatangaza kwa sauti ya mtu anayejua: "Kipanga wa msituni, dume." Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa kimya tangu Tengeru, aligeuza kamera yake akanionyesha picha. Pale mkia unapoanzia palikuwa na utepe mweupe. Juu ya mdomo palikuwa na manjano. Alikuwa kipanga mdogo, ndege ambaye uzito wake haufiki hata nusu ya yule niliyemtaja. Mama wa watu hakunicheka. Alisema tu, "Haya, tuendelee," na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku hiyo nina mpangilio wangu wa kumtafuta na kumthibitisha ndege huyu, na ndio ninaouandika hapa. Nautumia Duluti, Rau, kwenye msitu wa Meru na hata katikati ya migomba ya vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga.

Kabla ya yote, majina. Huku kwetu kila ndege anayebeba kifaranga anaitwa mwewe, na akiwa mkubwa kidogo anapandishwa cheo kuwa tai. Mwewe wa kweli ni yule wa kahawia mwenye mkia wenye pembe mbili, anayezunguka juu ya dampo na machinjio. Kipanga ninayemzungumzia hazunguki dampo. Anaishi ndani ya msitu mnene, kuanzia misitu ya pwani hadi milimani yapata mita 3,000. Kwa jina la kisayansi vitabu vingi vinamwita Accipiter tachiro, jina la aina yake likiwa limeandikwa tangu mwaka 1800. Orodha za karibuni zimemhamishia jenasi ya Aerospiza. Ukikuta majina hayo mawili usihangaike, ndege ni yuleyule.

Hatua ya 1: Nenda mahali sahihi, na uwahi

Duluti ndiyo darasa langu la kwanza kwa anayeanza. Ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu mdogo, na njia inalizunguka lote, kwa hiyo unaweza kusikiliza upande huu na ule bila kupotea. Ukiwa Moshi, nenda Msitu wa Rau. Ni msitu unaolishwa na maji ya chini ya ardhi, wenye mivule mikubwa ajabu, na kutoka mjini unafika kwa baiskeli. Wote wawili ni misitu ya hifadhi, kwa hiyo anzia kwa wahusika ulipie kiingilio, na Rau chukua kijana wa kukuongoza maana njia zinagawanyika sana.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina msitu mzuri zaidi, hasa unapopanda kuelekea ukingo wa Ngurdoto na kwenye miteremko ya Meru. Ila huko hutembei peke yako. Nyati ni wengi, na kutembea kwa miguu kunataka askari mwenye bunduki. Mwambie mapema kwamba unatafuta ndege na utasimama mara nyingi. Bila hivyo atakupeleka mwendo wa wapanda mlima.

Upande wa Kilimanjaro, misitu ya kuanzia Marangu na Machame ni makazi yake kabisa. Lakini usidharau vihamba. Pale ambapo migomba na mibuni bado imefunikwa na miruka na miringaringa ya zamani, na kuna mfongo unaotiririsha maji, kipanga hupita na wakati mwingine hukaa. Mimi nimemwona akiwa ametulia juu ya mruka, chini yake watoto wakichota maji, na hakuna aliyeinua kichwa.

Muda ni asubuhi. Uwe umeshafika mahali pako kabla ya saa 12 na nusu. Kati ya hapo na saa 2 na nusu ndipo anapotangaza eneo lake. Baada ya saa 3 nafasi inapungua sana, na kwenye mlima wingu nalo mara nyingi linashuka kabla ya saa 5.

Hatua ya 2: Anza na masikio

Wengi wanakwama hapa. Wanatoka na darubini ya bei mbaya, wanatazama kila tawi, wanarudi na shingo inayouma. Huyu ndege mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona, na siku nyingine utamsikia tu.

Sauti yake ni moja, fupi, kali: chwit. Kisha kimya kwa sekunde mbili au tatu. Kisha chwit tena. Anaendelea hivyo kwa dakika kadhaa, bila kupandisha wala kushusha. Ukitaka kuijaribu nyumbani, fikiria mkasi wa fundi cherehani unaofungwa kwa nguvu mara moja, fundi anasogeza kitambaa, anafunga tena.

Anaitoa kwa namna mbili. Ya kwanza, akiwa amekaa ndani ya mti, alfajiri, mwanga bado hafifu. Ya pili ndiyo tamu. Anapaa juu sana ya msitu, anazunguka duara pana huku akipiga mabawa kidogo na kuteleza kidogo, na kila baada ya hatua anatoa ile chwit. Sauti inaonekana kutoka popote. Unatazama kushoto, inatokea nyuma.

Dawa yake ni hii. Ukisikia chwit ya kwanza, usitafute. Simama, funga macho, hesabu. Ukisikia ya tano utakuwa umejua kama inasogea au imekaa. Ikiwa imekaa, yuko mtini, nenda hatua ya 4. Ikiwa inasogea, sogea wewe upesi hadi penye uwazi wa anga, kama ukingo wa ziwa, barabara ya msitu au shamba, kisha tazama juu kuliko unavyodhani. Watu huangalia kimo cha miti. Yeye yuko mbali juu ya hapo, nukta nyeusi tu kwenye macho matupu.

Tahadhari mbili. Wako zuwakulu wadogo wanaogonga noti moja asubuhi nzima, lakini mapigo yao ni ya haraka na laini, kama mtu anayegonga chupa tupu. Na yuko mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, fundi wa kuiga wengine. Mramba hawezi kuvumilia. Ataiga mara mbili tatu kisha atachanganya na fujo zake. Kipanga hana nyimbo za ziada.

Hatua ya 3: Soma umbo angani

Akiwa juu, sahau rangi. Dhidi ya anga kila ndege ni mweusi. Tazama uwiano wa mabawa na mkia. Kipanga wa msituni ana mabawa mafupi yenye ncha za mviringo na mkia mrefu. Umbo hilo limetengenezwa kwa kukata kona kati ya matawi. Ukiona mabawa yaliyochongoka kama mundu, huyo ni kozi. Ukiona mabawa mapana na mkia mfupi kama feni, ni jamii ya shakivale, wa kawaida sana kwenye miinuko yetu. Na ukiona ndege mkubwa kupita kiasi anayepanda na kushuka kama mawimbi huku akipiga kelele bila kukoma, umempata tai wa msituni anayewinda hadi nyani na mbega. Shukuru, halafu rudi kwenye kazi.

Hatua ya 4: Kaa chini

Kumtafuta kipanga kwa kutembea ni kama kumtafuta mwizi huku unapiga filimbi. Yeye ni mviziaji. Hukaa kwenye tawi la kimo cha kati, karibu na shina, chini ya paa la majani, amenyooka wima, hatikisiki hata kwa robo saa. Halafu anateremka kwa kasi juu ya ndege, panya, mjusi, hata kaa wa mtoni, na usipokuwa unatazama pale pale utasikia majani tu.

Chagua mahali ambapo msitu mnene unakutana na kauwazi kadogo, kama kijito, mti ulioanguka au njia ya zamani ya magogo. Egemea shina. Vaa rangi iliyofifia, zima simu. Na kagua ardhi kwanza. Nasema hivi kwa sababu Rau nilikaa juu ya njia ya siafu. Kwa dakika tatu nilikuwa mtulivu mno, kisha nilikuwa nimevua suruali katikati ya hifadhi, na kijana aliyeniongoza alilazimika kugeukia pembeni ili acheke kwa heshima.

Ukishakaa, dakika 40 ni kiwango cha chini. Tumia darubini ya kawaida inayokuza mara nane, 8x42 au 8x32. Inayokuza zaidi haifai ndani ya msitu, inaleta giza na mtikisiko. Pitisha macho polepole kwenye matawi manene ya kimo cha kati, ukitafuta kitu kilichosimama wima mahali ambapo kila kitu kimelala.

Waachie ndege wengine wakusaidie. Shore wakijikusanya mahali pamoja na kupiga makelele yasiyoisha, kuna jambo: nyoka, bundi au kipanga aliyekaa. Nenda kwa kunyata. Lakini ishara bora zaidi ni kimya. Ndege wadogo hutoa sauti nyembamba mno, tsiiii, ambayo huwezi kusema imetoka wapi, na ghafla msitu mzima unanyamaza. Ina maana muuaji yuko hewani. Usigeuze kichwa, tembeza macho tu. Mbega wakianza kukoroma ule mngurumo wao, hiyo ni kesi nyingine: chui, au yule tai.

Hatua ya 5: Akishatua, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu

Mpangilio ni muhimu, maana kipanga akikupa sekunde kumi amekuheshimu. Na sekunde hizo watu huzitumia vibaya kwa kutazama kifua. Kifua cha mistari wanacho wengi.

Swali la kwanza ni uso. Macho yake akiwa mtu mzima ni ya manjano, hilo halitoshi. Tazama ile ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Kwa kipanga wa msituni ngozi hiyo ni ya kijivu, au kijivu chenye ukijani. Kwa karibu ndugu zake wote utakaochanganya naye ni ya manjano iliyokolea. Hapa ndipo nilipoangukia Duluti. Ningetazama uso kabla ya mkia, yule mama asingehitaji kunionyesha picha.

Swali la pili ni mkia, kuanzia kiunoni, yaani pale mkia unapoanzia. Kipanga wa msituni hana utepe mweupe kiunoni. Dume ana madoa meupe katikati ya mkia, na hayo ndiyo yanayowaponza watu, kwa sababu kipanga mdogo naye anayo. Tofauti ni kwamba kipanga mdogo anaongeza utepe mweupe kiunoni. Jike wa kipanga wa msituni kwa kawaida madoa hayo hayaonekani wazi. Mkia wake una mabaka mapana ya giza.

Swali la tatu ni ukubwa, na lipime kwa vitu unavyovijua. Kipanga mdogo ni sawa na hua, huna haja ya kujadili. Dume wa kipanga wa msituni ni kama njiwa wa kufugwa aliyevutwa mkia, robo kilo hivi. Jike ni mkubwa waziwazi, anakaribia kunguru yule wa kola nyeupe bila kumfikia, na uzito wake unaweza kwenda karibu na nusu kilo. Kwa ndege hawa mke ndiye mkubwa wa nyumba, kwa hiyo ukiona wawili pamoja usidhani ni aina mbili.

Sasa ndipo uje kwenye rangi. Dume mgongo wake ni kijivu cha bati, na chini ni mweupe mwenye mistari membamba ya ulalo yenye rangi ya kutu. Jike mgongo umeelekea kahawia, mistari ya chini ni ya kahawia na minene kidogo. Miguu ya wote ni ya manjano. Wapo pia wachache weusi tii. Kwa hao uso wa kijivu na jicho la manjano ndivyo vitakavyokuokoa.

Wanaofanana naye

Kipanga mdogo nimeshamsema vya kutosha, nina kinyongo naye.

Kipanga wa kifua cha kutu anakaa nyanda za juu kama sisi tunavyokaa, na hupenda ukingo wa msitu, akiwinda hadi mashambani. Chini yake ni rangi ya kutu tupu, bila mistari. Akikupa tumbo kwa sekunde moja tu imetosha.

Kipanga mkubwa mweusi na mweupe ni mkubwa kuliko wote, jike anaweza kukaribia kilo nzima. Juu mweusi, chini mweupe, jicho jekundu. Anapenda kujenga kwenye mikaratusi, hata karibu na nyumba za watu. Ukiona njiwa wa jirani wamepukutishwa mmoja mmoja, mshuku huyu kwanza.

Shikra ni wa kijivu kilichopauka, dume jicho lake ni jekundu. Huyo ni wa miti ya wazi na ukanda wa joto, kule chini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC na Kahe, au kwenye bustani za mjini. Ndani ya msitu mnene wa Meru usimtafute.

Anayewasumbua hata wazoefu ni kipanga-kekeo. Naye ana mistari mipana ya kutu tumboni, naye anakaa kimya ukingoni mwa msitu. Lakini tazama kisogo: ana kishungi kidogo. Kifua chake cha juu ni kijivu kitupu kama amevaa fulana, mistari inaanzia chini yake. Miguu ni mifupi, na mabawa ni marefu hadi yanakaribia ncha ya mkia akiwa amekaa. Huyu anakula panzi, vunjajungu na vinyonga, na ukimtazama vizuri hana ule ukali usoni.

Vijana wao

Hapa hata mimi natembea polepole. Kinda aliyeanza kuruka hana kijivu wala mistari. Mgongo ni kahawia, chini ni mweupe au rangi ya maziwa mwenye madoa makubwa kama matone ya wino, na kooni katikati ana mstari mmoja wa giza unaoshuka. Juu ya jicho ana unyusi mweupe. Jicho lenyewe ni la kahawia kwanza, linageuka manjano kadiri anavyokua.

Shida ni kwamba kinda wa kipanga mdogo na wa kipanga-kekeo nao wana madoa. Kwa hiyo rudi kwenye maswali matatu: uso, kiuno, ukubwa. Mstari wa kooni ni shahidi mzuri, lakini usimtegemee peke yake, maana shikra naye ana mstari wa namna hiyo.

Alama anazoacha

Juu ya gogo lililoanguka au kisiki cha mkaratusi unaweza kukuta manyoya yamemwagika, meza yake ya kula. Okota moja utazame mzizi wake. Kipanga hunyonyoa: manyoya yanatoka mazima, mzizi umekamilika, pengine shina limekunjika kidogo pale mdomo ulipobana. Mnyama mwenye meno hukata: mashina yamevunjwavunjwa na yameshikana kwa mate.

Mwaka jana nilipita Kibosho kwa bibi mmoja ambaye kihamba chake kimepakana na korongo lenye miti mikubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe unakuja kuwatazama ndege wenu, na wao wananimaliza kuku."

Alinipeleka nyuma ya uzio wa masale. Manyoya ya mtetea yalikuwa chungu nzima. Nikaokota matano, yote yamekatwa mzizini, mawili yamegandana. Nikamwambia huyu si ndege, ni nguchiro au kicheche, azibe lile tundu la chini ya banda. Akayageuza manyoya mkononi, akanitazama.

"Haya. Na nguchiro naye mna darubini yake?"

Kipanga wa msituni kweli huchukua kifaranga mara mojamoja, siwezi kumtetea kwa uongo. Lakini kifaranga akiondoka mchana kweupe katikati ya uwanja, mara nyingi ni mwewe. Mama mwenye vifaranga afungiwe kwenye tenga hadi watoto wapate manyoya, na banda liwe chini ya mti wenye matawi yaliyosongamana, siyo uwanjani.

Mambo mawili ya adabu

Usimwite kwa kucheza sauti yake kwenye simu. Anadhani mpinzani ameingia, anaacha kuwinda, na kama ana kiota anakuja kupigana na spika. Najua waongozaji wenzangu wanafanya, na najua bakshishi inavyonoga mgeni akimwona ndege. Pamoja na hayo, usifanye.

Ukikuta kiota, jukwaa la vijiti kwenye panda ya mti lililotandikwa majani mabichi, piga picha moja kutoka mbali na uondoke kwa njia uliyojia. Huwa na mayai mawili au matatu. Usielekeze watu, usiweke mahali pake mtandaoni.

Hatua ya mwisho: Andika papo hapo

Andika kabla hujafungua kitabu wala programu ya simu, maana ukishaona picha nzuri kumbukumbu yako itaanza kufanana nayo. Mahali, saa, hali ya hewa, rangi ya ngozi ya mdomo, kiuno, ukubwa ukilinganisha na nini, alikuwa anafanya nini. Kile usichokiona andika "sikuona". Usijaze. Kama utapeleka taarifa zako eBird au kwa mtu yeyote anayekusanya kumbukumbu za ndege, hizo "sikuona" zako zina thamani kuliko uhakika wa kubahatisha.

Nina daftari la kurasa 96 limejaa vipanga, na karibu theluthi nimewaandika "kipanga, aina haijulikani". Zamani ziliniudhi. Ya wiki iliyopita inasomeka hivi: "Rau, saa 1:10 asubuhi, ukungu, matone yanaanguka kutoka mivule. Chwit, kila sekunde tatu hivi, nimehesabu 14, inatoka upande wa mto kwenda kaskazini, juu. Uso, kiuno, ukubwa: sikuona." Pembeni yake nimeandika jina lake kwa kalamu ya wino.